Mashine Iliyoonyesha Hesabu Zake

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, mniwie radhi. Kwanza kazi ya mteja mmoja ilinibana, halafu Desemba nikaenda nyumbani Nyamira, na nyumbani, kama mjuavyo, kompyuta hukaa ndani ya begi.

Ninayotaka kuandika leo yalianzia huko. Jioni moja binamu yangu alinivuta kando, karibu na zizi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Niandikie programu ya kuishinda hii mashine." Mashine yenyewe ilikuwa simu yake. Alikuwa akicheza mchezo mmoja wa kamari tangu Oktoba, msimu ambao bonasi ya majani chai huingia. Bonasi hiyo ilikuwa ya mama yake, na ilikuwa imepangiwa karo ya mdogo wake ya Januari. Nyingi ya pesa hizo zilikuwa zimeshakwenda. Nyingine alimtumia mtu asiyemjua, aliyemuuzia programu ya "kutabiri" matokeo. Programu ile haikutabiri chochote.

Nilitaka kumpa jibu la haraka, kwamba mashine haishindwi. Lakini jibu hilo si la kweli, na sipendi kumdanganya mtu hata kwa nia njema. Wako watu waliozishinda mashine za kamari kwa miaka mingi. Walikula bure, wakalala hotelini bure, na wakarudi nyumbani na faida. Nilimsimulia habari zao usiku ule, na leo nawasimulia ninyi. Ukielewa walivyoshinda, utaelewa pia kwa nini binamu yangu hawezi.

Sarafu za mbao

Nianze na mashine tulizozijua sisi. Wasomaji wa Kisii na Nyamira watakumbuka. Katikati ya miaka ya 2010 mashine ndogo za kamari zilienea madukani, kwa vinyozi na kwenye vibanda vya kando ya barabara. Wengi tuliziita mashine za Kichina. Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti zetu mbili unaupitia, nilikuwa nikiziona nikingoja matatu ijae. Unaingiza sarafu ya shilingi 20, yaani mbao, unabonyeza kitufe cha tunda unalolitaka, taa inazunguka, kisha inasimama. Ikisimama kwenye tunda lako, sarafu zinamwagika kwa kelele. Isiposimama hapo, unatoa mbao nyingine.

Siku moja mwenye duka aliifungua moja mbele yangu kutoa sarafu zilizokwama. Kwa mazoea ya kazi nilichungulia. Ndani mlikuwa na bodi moja ya saketi, na pembeni yake safu ya swichi ndogo nyeupe, za kusogezwa kwa ncha ya kalamu. Nikamuuliza za nini. Akacheka, akasema, "Hizo ni za kuamua italipa kiasi gani."

Sijalisahau jibu hilo. Mchezaji aliyesimama mbele ya mashine hakuziona swichi hizo. Hakujua zimewekwaje leo, wala kama zilisogezwa jana usiku. Angekaa pale mwaka mzima akiandika matokeo daftarini, na swichi moja ingelifuta daftari lote.

Kenya ilikuwa na sheria ya kamari tangu 1966, na bodi ya kutoa leseni, lakini nyingi ya mashine hizi hazikupitia huko. Machifu na polisi walifanya misako, mashine zikavunjwa na kuchomwa hadharani. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati wa msako mkubwa dhidi ya kamari alikuwa Fred Matiang'i, mtu wa Borabu, huku huku kwetu Nyamira. Julai 2019 kampuni 27 za kubashiri hazikufanyiwa leseni upya, na kampuni za simu zikaagizwa kufunga nambari zao za malipo. Baadaye mwaka huo SportPesa na Betin zilisitisha shughuli nchini, ingawa SportPesa ilirudi 2020. Kamari yenyewe haikwenda popote. Ilitoka dukani ikaingia mfukoni.

Karata mbili zilizotolewa

Sasa twende mbali kidogo, Marekani, maana huko ndiko mashine za karata zilikozaliwa na ndiko ziliposhindwa.

Kwanza niondoe utata. Poka ninayoisema si ile tunayocheza hapa Kenya, ya kuuliza swali kwa malkia na nane, kisha unatangaza "niko kadi". Ni ile ya karata tano mkononi: jozi, tatu za namba moja, tano za alama moja, na kadhalika. Mkono mkubwa kuliko yote ni wa kifalme, yaani 10, jeki, malkia, mfalme na A za alama moja.

Mwaka 1891 kampuni ya Sittman and Pitt ya Brooklyn ilitengeneza mashine yenye ngoma tano zilizobandikwa karata. Unaingiza sarafu, unavuta mkono wa chuma, ngoma zinazunguka. Ukipata mkono mzuri, mwenye baa anakupa bia au sigara. Ngoma zilikuwa na karata 50, wala si 52. Kwa kawaida zilizokosekana zilikuwa 10 ya shupaza na jeki wa kopa. Karata hizo mbili zikikosekana, mikono miwili kati ya minne ya kifalme haiwezekani kabisa. Mchezaji alikuwa akicheza mchezo anaoufahamu, kwa karata ambazo hazikuwa kamili, wala hakuambiwa.

Mashine za matunda zilizofuata zilienda mbali zaidi. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza ya kuendesha magurudumu kwa kompyuta. Gurudumu unaloliona lina, tuseme, nafasi 22, lakini ndani ya kompyuta liko gurudumu jingine la kufikirika lenye nafasi nyingi zaidi. Kompyuta inachagua nafasi kwenye hilo la kufikirika, kisha inaliambia la kweli lisimame wapi. Alama ya zawadi kubwa unaiona mara moja kati ya 22, lakini katika kompyuta inaweza kuwa moja kati ya 64 au zaidi. Jicho lako halikusaidii kitu.

Kanuni iliyofungua mlango

Mwaka 1979 kampuni ya Si Redd, ambayo baadaye iliitwa IGT, ilitoa mashine ya poka ya skrini iliyoitwa Draw Poker. Mashine inakupa karata tano. Unachagua za kubaki nazo, nyingine inakubadilishia mara moja. Kisha inakulipa kufuatana na jedwali lililo hapo hapo kwenye kioo.

Tofauti yake na mashine ya matunda ni hii. Kanuni za jimbo la Nevada zinadai kwamba mashine ikionyesha karata, basi kila karata iwe na nafasi ile ile ambayo ingekuwa nayo katika karata halisi. Hakuna kupunguza jeki wa kopa. Hakuna gurudumu la kufikirika. Na jedwali la malipo liko wazi mbele yako.

Ewe msomaji unayeandika programu, umeshaona. Una karata 52 zinazojulikana, una kanuni za mchezo, una malipo yaliyoandikwa. Kilichobaki ni hesabu. Kuna mikono 2,598,960 ya karata tano inayoweza kutoka, na kila mkono una njia 32 za kuamua ubaki na zipi. Kwa kila mkono unatafuta njia yenye wastani mkubwa wa malipo. Kompyuta ya leo inamaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Miaka ya 1980 ilihitaji subira, lakini wako waliokuwa nayo. Mmoja alikuwa mhandisi mstaafu, Lenny Frome, aliyechapisha vijitabu vya hesabu hizi ili mtu wa kawaida avitumie.

Walichogundua ni kwamba mashine mbili zinazofanana sura zinaweza kuwa na bei tofauti kabisa. Chukua aina ya kawaida, inayolipa kuanzia jozi ya jeki. Tazama mistari miwili tu ya jedwali: tatu-na-mbili, na tano za alama moja. Ikilipa 9 na 6, mchezaji asiyekosea anarudishiwa wastani wa asilimia 99.54 ya pesa anazocheza. Ikilipa 8 na 5, ni asilimia 97.30. Na aina moja ambayo karata za 2 ni jokari, kwa jedwali lake bora, ilirudisha asilimia 100.76. Umesoma sawasawa. Mashine ilikuwa ikilipa kuliko inavyokula, mradi ucheze bila kosa.

Kasino ziliwekaje mashine kama hiyo? Kwa sababu watu wengi hukosea. Ukicheza kwa hisia unatupa asilimia moja, mbili, tatu, na kasino inapata faida yake kwako.

Kadi ya pointi

Hapo ndipo marupurupu yanapoingia. Miaka ya 1980 kasino zilianza kutoa kadi za uanachama. Unaichomeka kwenye mashine, nayo inahesabu kila unachocheza na kukupa pointi. Ni kama Bonga Points tulizozizoea kwa Safaricom tangu 2007. Mwaka 1997 kampuni ya Harrah's iliunganisha kasino zake zote katika mpango mmoja, na mwaka uliofuata ikamwajiri Gary Loveman, mwalimu wa chuo cha biashara cha Harvard, aliyeugeuza kuwa kazi ya takwimu hasa. Pointi zilileta pesa taslimu, chakula, vyumba vya hoteli, hata zawadi za magari.

Tundu lilikuwa hapa: pointi zilihesabiwa kwa pesa unazozungusha, si kwa pesa unazopoteza. Kwa mchezaji wa kawaida mambo hayo mawili huenda pamoja, ndiyo maana kasino haikujali. Kwa anayejua hesabu, hayaendi pamoja hata kidogo.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Mashine ya senti 25, sarafu tano kwa mkono, ni dola 1.25. Mtu mwepesi anacheza mikono 600 kwa saa, hivyo anazungusha dola 750. Kwenye mashine ya asilimia 99.54 anategemea kupoteza dola 3.45 kwa saa. Kadi ikimrudishia nusu asilimia, anapata dola 3.75. Tayari amepita juu kwa senti 30! Siku ambayo kasino inatangaza pointi mara tatu, anapata dola 11.25, na faida ni dola 7.80 kwa saa. Ongeza chakula cha jioni na chumba ambacho hakukilipia.

Jean Scott alijulikana Marekani kwa maisha ya namna hii, na kitabu chake The Frugal Gambler kilitoka 1998. Yeye na mumewe hawakutafuta utajiri. Walikuwa wakihesabu kuponi kama vile mama sokoni Daraja Mbili anavyohesabu ndizi. Bob Dancer alikwenda juu zaidi. Alisimulia katika kitabu cha 2003 jinsi yeye na mkewe walivyopata zaidi ya dola milioni moja katika miezi sita, wakicheza mashine za dau kubwa siku ambazo marupurupu yalikuwa makubwa.

Msikimbilie kukata tiketi ya ndege. Mkono wa kifalme, unaobeba karibu asilimia 2 ya malipo yote, hutoka mara moja kwa mikono 40,000 hivi. Hiyo ni saa 67 za kucheza bila kusimama. Kabla haujatoka, unapoteza. Unaweza kupoteza majuma mengi mfululizo huku ukicheza sawasawa kabisa. Hawa watu walihitaji akiba kubwa na nidhamu ya kutobadilisha uamuzi hata mmoja kwa hasira. Nilipomweleza shangazi, ambaye amechuma chai maisha yake yote, alielewa haraka kuliko mimi: "Kwa hiyo ni kama kuchuma. Majani mawili na kichipukizi, kutwa nzima, na malipo yako ni kidogo kidogo." Hasa.

Nani anakagua?

Pana jambo jingine ambalo sisi watu wa programu tusilifiche. Hata Nevada, kwenye kanuni na ukaguzi, mambo yaliharibika.

Ron Harris alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa bodi ya kamari ya Nevada, kazi yake ikiwa kukagua programu za mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipachika msimbo wake wa siri, kiasi kwamba ukiingiza sarafu kwa mpangilio fulani, mashine inalipa. Mkaguzi ndiye aliyekuwa mwizi. Alinaswa 1995, baada ya mwenzake kushinda mchezo wa namba kule Atlantic City kwa namna isiyoaminika.

Halafu mwaka 2009 mpiga piano wa Las Vegas aliyeitwa John Kane aligundua hitilafu katika mashine za Game King za IGT. Kwa mpangilio fulani wa kubadili mchezo na thamani ya dau, ushindi wa zamani ungelipwa tena kwa dau kubwa zaidi. Hitilafu hiyo ilikuwa imelala kwenye programu kwa miaka saba, imepita kila jaribio. Yeye na mwenzake walipata mamia ya maelfu ya dola kabla ya kukamatwa. Serikali iliwashtaki kwa sheria ya udukuzi. Utetezi ukauliza: kubonyeza vitufe ambavyo mashine yenyewe imekupa ni udukuzi vipi? Shtaka hilo lilifutwa 2013, na kesi iliyobaki ikaachwa.

Huwa nawakumbusha vijana ninaowafundisha kazi habari ya Kane: mtumiaji atabonyeza vitufe kwa mpangilio ambao hukuuwaza. Lakini tusiichanganye na habari ya Scott na Dancer. Kane alipata kasoro, nao walipata bei iliyoandikwa waziwazi na kuinunua.

Mwisho wao ulikuwa wa kawaida sana. Kasino nazo zinajua kupiga hesabu. Jedwali la 9 na 6 likawa 8 na 5, kisha 6 na 5. Pointi za mashine za poka zikapunguzwa. Wachezaji wazuri wakaacha kutumiwa kuponi, wengine wakaambiwa wasije tena. Mashine za asilimia 100.76 zimekuwa adimu sana, na zilizobaki huwa za dau dogo.

Tukarudi kwenye simu

Usiku ule nilitoa kompyuta kwenye begi. Tukakaa mezani kwa shangazi, nikaandika programu fupi, binamu akitaja namba. Dau shilingi 20. Raundi 150 kwa saa. Saa tatu kila jioni. Nikauchukulia mchezo wake kuwa unarudisha 97 kwa kila 100, na hiyo ni kudhania mema.

Kwa saa moja anazungusha shilingi 3,000, anapoteza 90. Kwa jioni ni 270. Kwa siku 70, tangu Oktoba, ni 18,900. Akanyamaza. Ukiondoa zile za programu ya kutabiri, ilikuwa karibu sana na kiasi alichokuwa amekificha.

"Lakini wananipa dau la bure kila wiki," akasema. "Shilingi 50. Hayo si marupurupu, kama ya yule mama wa Marekani?"

Swali zuri. Tukalipigia hesabu. Kwa wiki anazungusha shilingi 63,000. Hamsini juu ya 63,000 haifiki hata moja ya kumi ya asilimia moja. Anahitaji asilimia tatu ili atoke sare tu.

Baadhi ya michezo hii ya simu hujisifu kwamba unaweza kuthibitisha kila raundi kihesabu, kwamba matokeo yalipangwa kabla na hayakuguswa. Teknolojia hiyo ni ya kweli na ni nzuri. Lakini inathibitisha kwamba hukuibiwa nje ya bei. Bei yenyewe inabaki ile ile, wala hakuna uamuzi wako unaoweza kuibadilisha, kwa sababu huna karata za kubaki nazo. Na kama kila raundi haina uhusiano na iliyotangulia, anayekuuzia programu ya kuitabiri anakuuzia hewa.

Agosti 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya kamari iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, pamoja na mamlaka mpya ya kusimamia. Mimi nitaipima kwa jambo moja: je, mtu wa Nyansiongo mwenye simu ya bei nafuu ataweza kuiona bei kwenye skrini kabla ya kutoa pesa, na je, kuna atakayekagua kwamba bei hiyo ni ya kweli? Duka la Keroka lilikuwa na swichi ndani ya sanduku. Sitaki swichi hizo zihamie tu kwenye seva.

Binamu aliuliza swali la mwisho kabla hatujalala. "Na zile mashine nzuri za Nevada, ziko wapi sasa?"

Nikamwambia nyingi ziliondolewa, kwa sababu watu walijifunza kuzisoma.

Asubuhi alimwambia mama yake. Sikuwepo ndani walipozungumza, nilikaa nje na kikombe cha chai, na mazungumzo yalikuwa marefu. Karo tulichangishana ndugu watatu, naye anailipa kidogo kidogo kwa kazi ya bodaboda.

Haya, kazi kwenu. Mwenye kujua kuandika programu, ajaribu mwenyewe ile hesabu ya mikono 2,598,960. Ni zoezi zuri la likizo, na halihitaji hata mbao moja.